Giaboksi Husingiziwa Mengi

Haya niliyasema Jumamosi iliyopita mbele ya wenye magari ya spoti na mafundi wao, kwenye yadi ya gereji moja hapa Industrial Area, Nairobi. Wengi walikwama kwenye foleni ya Mombasa Road, wengine walikuwa kazini, wakaomba niyaweke yote hapa. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa maneno niliyomwambia kijana aliyepiga resi katikati ya hotuba. Hayo abaki nayo mwenyewe.

Wazee wangu, mama zangu, vijana wenye magari ya kelele, na nyinyi mafundi wenzangu mliojibanza kule nyuma kama watu wanaodaiwa kodi ya nyumba: hamjambo?

Mlipokuwa mnaingia mmeiona ile Subaru Impreza ya bluu pale langoni. Imeletwa leo asubuhi kwa kuvutwa na kamba. Mwenyewe yuko hapa, simtaji, lakini anajijua. Mafundi wawili wamemwambia giaboksi imekufa. Ameshatafutiwa nyingine, mtumba kutoka Japani, na muuzaji anampigia simu kila baada ya nusu saa kumwambia kuna mteja mwingine anaitaka. Ananingoja nimalize ili aniulize alipe au asilipe. Kijana, zima hiyo simu. Tutaiangalia gari yako pamoja.

Kwanza niwaulize. Ni nani kati yenu amewahi kuambiwa giaboksi ya gari lake imekufa? Inueni mikono. Mbona nyote? Haya, sasa wale waliobadilisha boksi na gia zikaendelea kukataa, wabakishe mikono juu. Mnaona? Mikono iliyoshuka ni michache.

Giaboksi katika mji huu ni kama msichana wa kazi katika nyumba ya watu wenye kelele. Sukari imepungua, ni yeye. Remoti imepotea, ni yeye. Mtoto ana homa, ni yeye alimwogesha maji baridi. Gia ikikataa kuingia, watu wanatazama chini ya gari, wanaona lile dude la alumini limeloa oili, wanasema: ndilo hilo, lishushwe. Na kulishusha ni kazi ya siku nzima, na kulipandisha ni siku nyingine, na katikati hapo kuna watu wa kulipwa.

Mimi nasema usifungue boksi. Sikusema boksi haliharibiki. Linaharibika, na nitafika huko. Nasema usilifungue kabla hujauliza maswali, kwa sababu maswali ni ya bure na boksi si la bure.

Kazi nilijifunzia Grogan, mtaa wa gereji hapa Nairobi, upande ule wa Kirinyaga Road unaoteremkia mtoni, kwa mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Gari likiletwa na shida ya gia, sisi wanafunzi tulikuwa tunakimbilia jeki na spana. Yeye alikuwa anatufukuza. Alikuwa anaingia ndani ya gari, anafunga mlango, na anavua kiatu cha mguu wa kushoto. Kiatu kimoja tu. Anakanyaga klachi akiwa na soksi, polepole, macho amefumba, kama mtu anayepima maji ya kuoga kwa kidole. Sisi tulikuwa tunacheka. Tulidhani ni uzee. Ilinichukua miaka kujua kwamba nusu ya magonjwa ya gia yalikuwa yanapita kwenye ile soksi yake kabla hajashika spana yoyote.

Alikuwa akituambia hivi: kwenye boksi zinaingia njia mbili. Moja ni ya mguu, moja ni ya mkono. Njia ya mguu ni pedali, masta ya klachi, yaani pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga, bomba la mafuta, slevu inayoupokea msukumo huo kule chini, uma, beringi, presha pleti inayoibana klachi pleti, na klachi pleti yenyewe. Njia ya mkono ni liva, bushi, na fimbo au kebo. Zote mbili ziko nje ya boksi. Mwizi akisemekana yuko ndani ya nyumba, anza na waliosimama mlangoni.

Na swali la kwanza mlangoni ni moja, fundi yeyote asiyeliuliza usimpe funguo. Injini ikiwa imezimwa, gia zinaingia?

Gari limesimama, injini kimya, kanyaga klachi, pitisha liva kwenye gia zote moja baada ya nyingine. Zinaingia laini? Halafu washa injini, rudia. Sasa zinakataa, au zinalia? Basi mkono wako hauna kosa, fimbo na kebo hazina kosa, na uwezekano mkubwa ni kwamba boksi halina kosa. Klachi haiachii, yaani haiitengi injini na boksi. Lakini zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, hapo acha mguu, fuata njia ya mkono. Dakika mbili hizo. Kuna watu wametumia wiki mbili kutafuta jibu lililokuwa kwenye dakika hizo mbili, na mmoja wao ni mimi. Nitawasimulia.

Kwa nini injini ilete tofauti? Mmewahi kumtazama konda wa matatu akidandia gari linaloondoka? Haruki tu. Anashika mlango, anakimbia nalo hatua tatu nne, na mwendo wake ukishalingana na wa gari ndipo anatia mguu. Ndani ya boksi konda huyo anaitwa sinkro. Ni pete, mara nyingi ya shaba ya njano, inayoikamata gia kwa msuguano mpaka mizunguko ilingane, kisha meno yanaingiliana bila sauti. Zamani hakuwepo. Cadillac walianza kuuza magari yenye sinkro mwaka 1928. Kabla ya hapo dereva mwenyewe ndiye aliyelinganisha mizunguko kwa mguu na sikio, na akikosea mtaa mzima unasikia.

Sasa niambieni: dereva wa matatu akiwa anaendelea kuongeza mwendo, konda atadandia? Klachi isipoachia vizuri, injini inaendelea kuizungusha shafti ya boksi. Ile pete ndogo inaombwa kuizuia injini nzima. Itaweza wapi? Inalia. Nanyi mnasema sinkro imeisha. Ni kweli itaisha, mkiendelea hivyo. Lakini hakuanza yeye.

Sasa tushuke kwenye mguu. Ukikanyaga pedali mpaka chini, klachi pleti inaachiwa nafasi gani? Haifiki hata milimita moja kila upande. Karatasi chache za daftari. Safari yote ndefu ya mguu wako, uzito wote ule, mwisho wake ni karatasi chache za daftari. Kwa hiyo ukipoteza sentimita mbili huku juu, kule chini hakuna kilichobaki.

Na sentimita mbili zinapotelea wapi? Kapeti.

Msicheke. Mwaka juzi ililetwa kwangu Mazda MX-5, gari zuri, limetunzwa. Mwenyewe ni baba mmoja wa makamo, mstaarabu, alikuwa na karatasi kutoka gereji nyingine, sitaitaja, imeandikwa kila kitu kinachohitaji kubadilishwa: presha pleti, pleti, beringi, sinkro za gia ya kwanza na ya pili. Jumla ilikuwa imepigiwa mstari mara mbili. Nikamwuliza, shida ilianza lini? Akasema, mwezi uliopita. Nikamwuliza, mwezi uliopita ulifanya nini kwenye gari? Akasema, hakuna, nililishonea tu viti na kapeti mpya. Nikainama. Kapeti lenyewe ni lile nene lenye sponji chini, na juu yake ameweka mkeka wa mpira, na mkeka umepanda nyuma ya pedali. Nikavuta vyote nikaviweka kwenye kiti cha abiria. Nikamwambia, twende. Tulifika mpaka mzunguko wa kwanza, akabadilisha gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakusema neno. Kisha akasimamisha gari kando, akatoa ile karatasi mfukoni, akaisoma tena yote kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayesoma barua ya mtu aliyemtapeli.

Kwa hiyo kapeti kwanza. Kisha piga magoti, ingiza tochi chini ya dashibodi, pitisha kidole mahali fimbo ya pedali inapoingia kwenye masta. Kidole kikitoka na unyevu, masta inavuja. Kisha chini, kwenye slevu, funua kile kimpira cha vumbi. Kukiwa na majimaji ndani, slevu inavuja. Kwenye hizo MX-5 za zamani slevu ni ugonjwa unaojulikana, kila mwenye nayo atakutana nao siku moja. Kisha tazama kikopo cha mafuta ya klachi. Yamepungua? Yamekuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala? Haya ni mafuta ya breki yaleyale, na tabia yake ni kufyonza unyevu wa hewa. Ukiyaacha miaka mingi yanakula raba na kuta za silinda kutoka ndani.

Halafu jaribu hili. Gia imekataa: pampu pedali haraka mara tatu nne, kisha ingiza. Ikiingia, kuna hewa kwenye mfumo au kuna mahali panapovuja. Boksi halijui kwamba umepampu. Ukiona kupampu kunasaidia, mtu asikuambie habari ya sinkro.

Jaribio lingine ni la rivasi. Kwenye boksi nyingi, si zote, rivasi haina sinkro. Acha gari likiunguruma, liva iwe nyutro, yaani bila gia, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu mpaka kumi bila haraka, ndipo uingize rivasi. Muda huo shafti inapaswa kuwa imesimama yenyewe. Ikilia baada ya hesabu ya kumi, kuna kitu bado kinaizungusha. Na kama una shaka bado, tafuta mahali tambarare, tia gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi yote, piga stata. Gari likiruka mbele, klachi inakokota. Ila mbele ya gari asisimame mtu, hata yule anayekudai.

Nilisema nitawasimulia aibu yangu.

Nilikuwa nimefungua gereji yangu ya kwanza, mabati manne na kreti za soda za kukalia. Akaja mwalimu mmoja wa sekondari na Impreza yenye turbo, boksi la gia tano. Analipenda lile gari kuliko alivyolipenda jina lake. Akaniambia, fundi, gia ya pili inalia na ya kwanza inakataa. Mimi nikajua. Nilijua kabla hajamaliza, kwa sababu kila mtu anajua boksi la gia tano la Subaru ya turbo haliwezi nguvu nyingi, wazungu wanaliita boksi la kioo. Nikaendesha asubuhi ile mara moja kuzunguka gereji, gia zikaingia. Nikasema moyoni, leo imejificha, lakini naijua hii. Nikashusha boksi. Akanunua lingine la mtumba. Nikalipandisha. Akalipa, akaenda.

Baada ya siku tatu akanipigia simu akiwa Kangemi, saa kumi na mbili jioni, foleni imeshika, gia haziingii. Kilio kilekile.

Niliposhusha lile boksi mara ya pili, mwanafunzi wangu, kijana mdogo hata ndevu hana, akaniuliza, fundi, kwani linasumbua saa ngapi? Nikamwambia anyamaze. Kisha nikanyamaza mimi. Kwa sababu swali hilo sikuwa nimemwuliza mwenye gari. Nikampigia mwalimu. Akasema, asubuhi huwa halina neno, ni jioni tu, likishapata moto.

Tukapandisha boksi, tukawasha injini, tukaliacha lichemke nusu saa. Nikamwambia kijana akanyage klachi, nami nikaishika ile hosi ya mpira inayopeleka mafuta kwa slevu. Ikavimba kiganjani mwangu kama mshipa wa shingo ya mtu mwenye hasira. Akiachia, inanywea. Akikanyaga, inavimba. Ule msukumo uliopaswa kufika kwa slevu ulikuwa unaishia kuivimbisha hosi. Ikiwa baridi, mpira ulikuwa mgumu kiasi cha kufanya kazi. Ikipata joto la turbo na la foleni, inalegea. Nilibadilisha hosi. Bei yake haikufika ya petroli aliyochoma kuja kwangu mara mbili. Pesa ya kazi nilimrudishia. Pesa ya boksi haikurudi, maana muuzaji alikuwa ameshahama.

Kwa hiyo sasa nauliza kila mtu, na nyinyi ulizeni: saa ngapi? Gari linalosumbua likiwa la moto na kupona likipoa, nenda kwenye klachi na mafuta yake. Gari linalokataa gia ya pili asubuhi ya Julai huko Limuru, kisha baada ya kilomita tano linakuwa mtoto mzuri, hilo oili yake bado ni nzito na konda wake amezeeka kidogo. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa, na kinachoyatenganisha ni saa.

Kuna mengine ya njia ya mguu nitayapita mbio. Gari lililolala msimu mzima wa mvua bila kuwashwa, pleti inaweza kugandia kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini inaloegemea. Magari ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma yana beringi ndogo kwenye mkia wa krenki, yaani shafti kuu ya injini, ikikwama inaburuta shafti. Na nyinyi mnaopumzisha mguu juu ya pedali kutoka Westlands mpaka Uthiru, beringi yenu ya klachi inawasalimu.

Njia ya mkono sasa.

Dada mmoja anakaa Ngong, ana Toyota MR2. Alinipigia simu siku moja akaniambia, fundi, nimebaki na gia mbili. Zipi? Ya tatu na ya nne. Nikamwambia asiende popote, nitakuja. Hakunisikia, au alinisikia akapuuza, maana alikuja mwenyewe mpaka hapa Industrial Area, akiondokea na gia ya tatu kwenye kila taa na kila mzunguko. Anasema harufu ya klachi ilianza kumfuata kuanzia Dagoretti Corner.

Mnajua MR2, injini iko nyuma ya mgongo wa dereva. Liva iko hapa mbele, boksi liko kule nyuma, na katikati kuna kebo mbili ndefu. Moja inapeleka habari ya mbele na nyuma. Nyingine inapeleka habari ya kushoto na kulia. Ile ya kushoto na kulia ikikatika au ikichomoka, springi ndani ya boksi inarudisha kichagua gia katikati, na katikati ni njia ya tatu na nne. Kwa hiyo alipotaja zile gia mbili kwenye simu nilikuwa nimeshajua. Mwishoni mwa kebo kulikuwa na bushi ya plastiki, ndogo kama kifungo cha koti. Ilikuwa imekauka, ikapasuka, ikaanguka njiani. Gari zima la spoti, injini mgongoni, na kilicholishinda ni kifungo.

Sikilizeni vizuri hapa, mafundi, kwa sababu liva husema ukweli ukijua kuiuliza. Iulize: umeshindwa kwenda upande gani? Gia za mbele zote, ya kwanza, ya tatu na ya tano, zikiwa ngumu, na za nyuma, ya pili na ya nne, zinaingia, basi marekebisho ya mbele na nyuma yamehama. Ukikosa jozi nzima, kwa mfano ya tano na rivasi, au ya kwanza na ya pili, basi ni kushoto na kulia. Giaboksi mara chache huvunjika kwa mpangilio mzuri namna hiyo. Ukiona mpangilio, anza na fimbo au kebo.

MX-5 haina kebo, liva yake imekaa juu ya boksi lenyewe. Zile za gia tano zina kibeseni kidogo cha oili chini ya liva, mbali na oili ya boksi. Watu wanabadilisha oili ya boksi miaka kumi na kibeseni hicho hawajakifungua mara moja. Ukikifungua unakuta tope. Bushi imekwisha, kimpira kimechanika, joto linapanda mpaka kiganjani. Toa liva, safisha, tia bushi, tia oili kikombe kidogo, funga. Ni kazi ya kabla ya chai ya saa nne. Na tafadhali, wa MX-5, ule mhimili mrefu unaounganisha boksi na difu, ile inayogawia magurudumu nguvu, si mahali pa kuweka jeki. Nimeona magari yaliyopinda mstari kwa sababu ya kijana wa kubadilisha matairi.

Nisisahau matuta. Magari haya yako chini, na matuta yetu yalijengwa na watu waliokasirika. Ukigonga tuta na siku ileile gia zikaanza kusumbua, usifikirie ndani. Lala chini utazame: fimbo imepinda? Paipu ya moshi imesukumwa ikagusana nayo? Maunti ya injini, kile kishikilio chake, imekatika, injini inapanda na kushuka na kuivuta liva? Mtu mwingine amejifungia liva fupi ya kununua mtandaoni, na ngozi ya chini imembana, kwa hiyo gia inavutwa nyuma na ngozi, kisha analia kwamba gia inaruka. Ngozi!

Haya. Umemaliza mguu, umemaliza mkono. Ndipo ubishe hodi ndani.

Boksi likiwa na kosa, kwa kawaida linataja jina. Halisemi "gia zinasumbua". Linasema "ya pili". Gia moja inalia, nyingine zote kimya, ukishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili ndipo inazidi: hiyo ni sinkro. Na kuna jaribio ambalo madereva wazee wa malori ya Mombasa Road wangekufundisha bila kujua kwamba ni jaribio. Kanyaga klachi, toa gia, achia klachi ukiwa nyutro, gusa pedali ya mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza ya pili. Kilio kimepotea? Umefanya kazi ya konda kwa mguu wako, na mambo yakawa sawa. Basi anayekosa ni konda, yaani sinkro imeisha. Kilio kikibaki, bado kuna kitu kingine.

Gia ikiruka yenyewe ukiachia pedali ya mafuta, hapo ndipo mimi pia naanza kuogopa. Umetazama maunti, umetazama liva, ziko sawa, na bado inaruka? Meno yamelika yakawa mviringo, au uma wa ndani umechakaa, au springi inayoshikilia gia mahali pake imechoka. Hilo boksi fungua, sikuzuii. Na nisemeje kuhusu chanzo chake? Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kila mwaka vijana wanatoka Naivasha Jumapili jioni wakiwa na vumbi masikioni, na Jumatatu wanapiga gia bila klachi kwenye Southern Bypass. Yale magari ya rali ya daraja la juu yana boksi la mfuatano, liva inavutwa na kusukumwa tu, na meno yake yametengenezwa kugonganishwa. La kwako halikutengenezwa hivyo. Na baada ya mashindano boksi lile hufunguliwa na mafundi waliovaa glavu. Lako litafunguliwa na mimi.

Kabla ya kufungua, mwaga oili kwanza. Nati ya kumwagia kwenye boksi nyingi ina sumaku. Utaikuta na uji wa kijivu, laini kama majivu: huo ni uzee wa kawaida, pangusa. Lakini chukua oili kwenye kikombe cheupe, izungushe juani. Ikimeremeta vumbi la dhahabu, hizo ni sinkro zako zimesagika zikaogelea. Na ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole, basi sasa mpigie yule muuzaji wa mtumba.

Na oili yenyewe, msiniulize "GL-4 au GL-5", yale madaraja ya oili ya gia, kama watu wanaouliza timu ya mpira. Dawa zilizomo kwenye GL-5 zimewekwa kwa ajili ya meno ya difu yanayobanana sana, na baadhi ya hizo oili ni kali kwa shaba, tena zina utelezi unaoifanya sinkro ishindwe kukamata. Kwa hiyo kwenye boksi nyingi GL-4 ndiyo salama. Lakini Subaru difu ya mbele iko ndani ya boksi lilelile, inaogelea kwenye oili ileile, na mtengenezaji akasema GL-5. Ukiitia GL-4 kwa sababu rafiki yako wa Toyota alikuambia, umeokoa konda ukaua dereva. Soma kitabu cha gari lako. Kimekaa kwenye droo ya mbele kimeandikwa Kijapani? Nambari na herufi za oili hazikuandikwa Kijapani.

Nimesema mengi na jua limepanda. Mama aliyeleta mandazi, asante, nimeona kikapu na nimeona nani amerudi mara tatu.

Kijana wa Subaru ya bluu, simama. Uliniambia asubuhi kwamba ya kwanza na rivasi zinakataa, nyingine zinaingia kwa shida. Uliniambia injini ikizimwa zinaingia zote. Uliniambia ilianza baada ya foleni. Mafundi wawili walikusikia ukisema hayo? Hawakuuliza. Basi.

Leta funguo. Wengine njooni mzunguke, lakini msiegemee gari, na nyamazeni kabisa, hata wewe mwenye redio. Mtu mmoja anishikie tochi. Ngoja nivue kiatu.